Bati Linatoka Norway, Muuguzi Hatoki Norway

Hotuba kwa wazaliwa wa kata yetu wanaoishi nje ya nchi, waliokuja likizo ya mwisho wa mwaka. Kasulu, Kigoma.

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wetu wa Kata, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, mashehe, mapadri na wachungaji, wazee wangu, na ninyi wanetu mliotoka Muscat, Johannesburg, Oslo na miji mingine ambayo mimi naijua kwa majina tu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Itifaki iliyobaki naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa. Nimewahi kukaa kwenye mkutano ambao salamu zilikula saa nzima, na ilipofika agenda ya zahanati watu walikuwa wanaangalia sufuria.

Kwa wasionifahamu, nilianza kazi nikiwa mtendaji wa kijiji, nikastaafu nikiwa mtendaji wa kata. Miaka yote hiyo kazi niliyoifanya kuliko zote ni kuandika mihtasari. Watoto wa shule walikuwa wananiita Mama Muhtasari. Nilijua, nikanyamaza.

Leo nimeombwa nizungumzie mchango wa ndugu zetu wa nje katika maendeleo ya kata. Kuja nimekuja, ila mada nimeigeuza kidogo. Mchango wenu tunaujua, na aliyeusahau aende akaangalie madawati. Mimi nataka kusema yanayoupata mchango huo ukishafika hapa. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna sentensi naisoma kila mwezi: "Jamani, kwenye hili tusiingize siasa." Inaandikwa na watu ninaowapenda, wengine niliwabeba mgongoni. Na kila mnapoiandika, mnakuwa tayari mmeshaamua jambo la kijiji bila kijiji kuwepo. Hiyo nayo ni siasa, tena ya aina mbaya, maana haina mkutano, haina muhtasari na haina wa kumuuliza.

Nianze na zahanati, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Mwaka 2016 mama mmoja alijifungulia kwenye machela, njiani, mvua inanyesha, akipelekwa kituo cha afya cha kata ya jirani. Mtoto alipona, yupo darasani sasa. Habari ile ilipowafikia mlichanga ndani ya wiki tatu. Nakumbuka nilivyokuwa nasoma majina yakipanda: huyu laki mbili, huyu laki tano, huyu "nitatuma mwisho wa mwezi" na kweli akatuma. Halafu likaja swali la nani apokee. Mkasema serikali ya kijiji msiwape, wataila. Mkamtumia mtu mmoja, mwalimu, ndugu wa wengi wenu, kwenye simu yake.

Ninyi mnaofikiri mnajua mwisho wa hadithi hii, hapana. Yule mwalimu hakula hata shilingi. Risiti zote alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilizihesabu mwenyewe, moja moja, mpaka ya misumari. Alifyatulisha tofali, akachoma, akasimamisha ukuta hadi lenta. Kosa lake lilikuwa moja: alijenga kwenye shamba la ukoo wake, kitongoji cha juu, kwa sababu ndiko alikopewa eneo bure na baba zake wadogo. Mtu wa bondeni alipopita pale hakuona zahanati ya kijiji. Aliona zahanati ya ukoo fulani, na jina hilo likashika. Siku ya kuchota mchanga watu wa bondeni hawakutokea. Wa juu wakachoka peke yao. Fedha zikaisha, boma likabaki.

Sasa sikilizeni lililofuata, maana hapa ndipo wengi mnapoachwa. Serikali kuu imekuwa ikipeleka fedha kwenye halmashauri za kumalizia maboma yaliyoanzishwa na wananchi: milioni 12.5 kwa darasa, milioni 50 kwa zahanati. Mhandisi wa wilaya akapita kukusanya orodha. Akasimama mbele ya lile boma, akalizunguka, akakagua nondo, akasema kazi nzuri. Kisha akaniuliza: "Mtendaji, boma hili ni la nani?" Nikafungua daftari langu. Hakuna mkutano mkuu ulioliamua. Hakuna barua ya kukabidhi eneo. Kwenye karatasi lile boma halikuwepo duniani. Akafunga kalamu yake, akapanda pikipiki, akaenda kijiji cha pili ambako boma lao lilikuwa limefika madirishani tu lakini lilikuwa na muhtasari wenye sahihi tatu.

Masika tatu zikapita. Popo wakaingia. Mtu mmoja, simtaji, akapanda maboga ndani ya chumba kilichochorwa kuwa cha kujifungulia, na kwa kuwa hakikuwa na paa, yakastawi sana.

Naomba mnivumilie dakika chache niseme sheria, maana ndiyo kazi niliyolipwa mshahara. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18. Nimesema mkazi. Aliyezaliwa hapa akahamia Canada, hata kama kitovu chake kimezikwa nyuma ya nyumba ya bibi yake, si mjumbe. Anaweza kutuma mifuko 200 ya saruji na asiwe na kura moja. Na yule mzee anayelala chini ya mwembe akiamka mkutano ukiwa umekwisha, ana kura. Mnaweza kuona ni uonevu. Mimi naona ni sawa, kwa sababu yule mzee ndiye atakayekuwa anapita hapo kila siku, na kalavati likizibwa atazibua yeye.

Mkutano mkuu unachagua halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, na halmashauri hiyo ni mtu kamili mbele ya sheria: inamiliki mali, inashtaki, inashtakiwa. Kutoka hapo jambo linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha Baraza la Madiwani, na mkurugenzi ndiye mwenye fungu. Mnaona ngazi hiyo? Ni ya siasa kuanzia chini hadi juu. Na nchi hii haina mgombea binafsi, hata wa kitongoji. Kila mwenyekiti mnayemwona hapa amepita kwenye chama. Kwa hiyo anayeniambia anataka kujenga zahanati bila siasa, namuuliza: muuguzi utamleta nani? Bati linaweza kutoka Norway. Muuguzi hatoki Norway, anatoka kwenye ikama ya halmashauri, yaani orodha ya watumishi wake. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa, na Bohari haitambui jengo kwa sababu limejengwa kwa mapenzi. Inatambua zahanati iliyosajiliwa.

Tuliliokoaje lile boma? Kwa mkutano wa saa tano. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu na nilisema siondoki na hili deni. Wazee wa ukoo walikubali kusaini kuwa eneo ni la kijiji, wakaweka dole gumba waliokuwa hawajui kuandika. Tulidhani tumemaliza. Akasimama mama mmoja wa bondeni, mfupi, kanga mbili, akasema: "Zahanati mmeipata ninyi wa juu. Masika kijito kikijaa mimi na uchungu wangu nitavuka na nini?" Ukumbi ukanyamaza, ukumbi wenyewe ni darasa. Bondeni wakadai kalavati kwanza, ndipo wachangie nguvu kwenye zahanati. Majadiliano yakaenda mpaka taa za simu zikawashwa. Tukaandika: kalavati kwanza.

Nilipowaletea taarifa kwenye kundi, mlikasirika. "Sisi tumechangia zahanati, kalavati limetoka wapi?" Mmoja wenu alijitoa kwenye kundi saa ileile, baadaye alirudi, tunashukuru. Kalavati lilitoka kwenye mkutano, ndugu zangu. Ndiyo ilikuwa bei ya makubaliano. Na ukiniuliza leo, ule ndio uamuzi wa akili kuliko wote tuliowahi kufanya, na haukutoka kwa mhandisi wala kwa aliyeko Oslo. Mtu aliyeko mbali anaona mgonjwa anahitaji zahanati. Anayekaa bondeni anajua pia njia ya kuifikia.

Fedha za kumalizia zikaja kipindi kilichofuata. Yule mwenye maboga aliomba avune kwanza, tukampa wiki mbili.

Hapo katikati kuna jambo nataka lisikike na wanasiasa walio mbele yangu, na Mheshimiwa Diwani aliniruhusu niseme kabla hajaingia ukumbini. Miaka ya nyuma, kabla ya baraza hili, mlituma saruji, mifuko 60. Lori likaja limefungwa bendera za chama mbele na nyuma, na spika inaimba. Nilikuwa nimesimama na akina mama wapatao arobaini, kila mmoja na ndoo ya mchanga kichwani, tunasubiri kushusha. Nikaona ndoo moja inatua chini. Ya pili. Mama mmoja akamwaga mchanga wake palepale barabarani, akajifuta mikono, akaondoka bila kusema neno. Nilibaki na kumi na wawili. Hawakuwa wanachama wa chama kile, na hakuna aliyekuwa amewaomba kadi siku walipoitwa kuchota mchanga. Saruji yenyewe hata haikuwa ya chama. Ilikuwa ya kijana aliyekuwa anasukuma mizigo kwenye ghala huko Johannesburg.

Nililala na hasira. Asubuhi nikaihamishia ile saruji stoo ya shule, nikatangaza msikitini na kanisani kuwa ni mali ya kijiji na itashushwa upya. Ikatubidi kupakia lori na kushusha tena, mchezo wa kuigiza kabisa, lakini bila bendera. Wiki iliyofuata ndoo zilirudi, si zote.

Mkoa huu jambo hilo linauma kuliko kwingine, na wageni wanaotoka mikoa yenye chama kimoja cha kudumu hawalielewi. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne ya kuchaguliwa nchi nzima, yote manne yakiwa ya Kigoma, mawili ya hapa Kasulu. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo ikachukua Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Watu wetu wamezoea kuchagua huku na kule, na ndani ya familia moja unakuta kadi tatu za rangi tatu zimewekwa kwenye sanduku moja. Ukibandika rangi moja kwenye tofali, umezifukuza kadi mbili.

Upande wa pili nao niuseme. Siku ya ufunguzi jiwe liliandikwa jina la mgeni rasmi, kwa herufi za dhahabu. Jina la mchangiaji hata mmoja halikuwepo. Picha ilipofika kwenye kundi, moto ukawaka. Kuna aliyeandika kuwa afadhali angejenga nyumba yake ya kupangisha Dar. Nawaelewa. Lakini niwaambie nilichokiona mimi: mgeni rasmi aliyeandikwa jina kwenye lile jiwe ndiye aliyeulizwa na wananchi, siku ileile, mbele ya kipaza sauti, wauguzi wanakuja lini. Akajibu kwa tarehe. Jina lake lipo ukutani, atakwepaje? Walikuja wawili. Jiwe la ufunguzi ni bei ndogo sana ya kulipia wauguzi wawili. Majina yenu yapo kwenye daftari la mapato, ukurasa kwa ukurasa, na daftari halipauki kwa jua.

Hili la kutuma fedha nyumbani si geni kwetu. Babu zetu walikwenda Tanga kuwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na Kigoma ilikuwa moja ya visima vyao vya watu. Walipakiwa kwenye treni kwa mkataba. Babu yangu alirudi na blanketi, chumvi na baiskeli, na watu walikuja kuiangalia baiskeli siku tatu mfululizo. Lakini hakuna aliyemwambia babu, "Kwa kuwa umerudi na fedha, jenga darasa." Ninyi mnaambiwa. Tangu mwaka 2016 shule haziruhusiwi kumlazimisha mzazi michango, na mimi nimeona jinsi macho ya baadhi ya viongozi yalivyohama kutoka kwa mzazi yakawageukia ninyi. Linaniudhi. Mwaka 2021 zilipokuja fedha za UVIKO, milioni 20 kwa darasa, kuna kijiji nilisikia mwenyekiti akisema, "Sisi tusiombe sana, sisi tuna watu wetu wa nje." Yaani kuwa na ninyi kukageuka sababu ya kukosa haki yetu! Mwenyekiti huyo hayupo hapa, na kijiji hicho si chetu, lakini ugonjwa huo unaambukiza.

Wala si sisi peke yetu. Mexico kuna jimbo linaitwa Zacatecas, watu wake wengi wako Marekani, Los Angeles na Chicago, na wamejiunga kwenye vilabu vya kijiji kwa kijiji kama kundi letu hili. Serikali yao ikaanzisha mpango: kila dola moja inayotoka kwa wahamiaji, manispaa inaongeza moja, jimbo moja, serikali kuu moja. Mwaka 1999 ulianza kule Zacatecas, mwaka 2002 ukawa wa nchi nzima, wakauita tatu kwa moja. Barabara, maji, umeme, makanisa, hata viwanja vya kuchezea farasi. Mnaweza kusema hiyo ndiyo dawa. Lakini waliouchunguza walikuta mambo mawili. Fedha hazikwenda zaidi kwenye manispaa maskini kuliko zote, kwa sababu maskini kabisa hawana hata nauli ya kumtoa mtu akawe mhamiaji, achilia mbali klabu. Na ngome za chama kilichokuwa kimeshika serikali kuu wakati huo, PAN, zilipata nafasi nzuri kuliko wengine. Ilipoingia serikali nyingine mwishoni mwa 2018, bajeti ikakatwa, na baadaye mpango ukafutwa. Hizo zilikuwa dola za watu wanaochuma nyanya na kuosha vyombo, na bado siasa iliamua zitue wapi.

Nyanya zimenikumbusha mtu mmoja wa huko, Andrés Bermúdez, wenyewe walimwita Mfalme wa Nyanya. Alitajirika kwa kilimo California, akarudi kwao Jerez, Zacatecas, mwaka 2001 akagombea umeya, akashinda. Ushindi ukafutwa. Sababu? Hakuwa mkazi. Wahamiaji wakapiga kelele mpaka sheria ya jimbo ikabadilishwa, na mwaka 2004 akagombea tena, akashinda tena.

Nacheka kwa sababu hapa kwetu angemaliza kwenye hatua ya kwanza. Hapa mtu akirudi mara mbili mfululizo na mipira na jezi, kuna neno linamsubiri: anajipitisha. Akijenga kisima, anajipitisha. Akimsalimia bibi kizee sokoni, anajipitisha. Nimeona mradi mzuri ukikwamishwa kwenye kamati kwa sababu mjumbe mmoja alihisi mfadhili anautaka udiwani. Na huyo mfadhili, masikini, hata kadi ya mpiga kura hakuwa nayo. Mtanzania aliye nje hapigi kura akiwa huko. Kijana wangu, kama kweli unautaka udiwani, sema. Hakuna dhambi. Rudi, kaa, jiandikishe, tukupime. Na kama huutaki, usije mwezi wa kampeni. Njoo Februari, wakati hakuna wa kukupigia makofi na barabara ina matope.

Kuna neno la pili, baya kuliko hilo, na mpaka wetu na Burundi unalifanya liwe jepesi kutoka mdomoni. "Huyu si raia." Nimelisikia likitumiwa kwa watu ambao babu zao wamezikwa mtaa mmoja na wangu. Kwa mliochukua uraia wa huko mliko, mambo yana sheria yake: Tanzania haina uraia pacha, na ardhi ya kijiji hamwezi kuimiliki kama zamani. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi kuwapa hadhi maalum watu wenye asili ya Tanzania. Fuatilieni hilo kwa wanaojua, msije mkaulizia kwa dalali. Ninachowaomba ni kwamba mradi usiandikwe kwa jina la mtu, awe wa huko au wa hapa. Uandikwe kwa jina la kijiji. Wakija kumkagua mtu, watamkuta mtu, hawatakuta zahanati.

La maji nitalisema haraka, maana waliohusika wengi wapo humu na tulishasameheana. Mlichimba kisima, pampu ya jua, vituo vitatu vya kuchotea. Kamati ikaweka shilingi 50 kwa ndoo. Ukaja uchaguzi, mgombea mmoja akasimama akasema maji haya ni zawadi ya ndugu zetu, iweje mnauziwa? Makofi! Akashinda. Ndoo ikawa bure. Mwezi wa saba baada ya hapo kifaa cha pampu kikaungua. Fundi akataka fedha zake mkononi, kamati haina hata ya nauli, na mtu wa kwanza aliyepigiwa simu saa nane usiku ni yule aliyeko Muscat. Wakati ule tungeshakuwa tumekabidhi mradi kwa chombo cha watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kama sheria ya mwaka 2019 inavyotaka, kingekuwepo kitabu, mhasibu na akiba. Hatukukabidhi, kwa sababu ninyi mlisema RUWASA ni serikali na serikali ni siasa. Mkapata siasa ya jukwaani badala yake. Yule aliyeahidi maji bure alikuwa anakwenda mtoni na ndoo kama sisi, hilo nalo nilishuhudia.

Basi, ninyi wa nje, msitume shilingi kabla ya kuona muhtasari. Si lazima mwe wajumbe. Mnaweza kudai karatasi ipigwe picha: agenda, mahudhurio, waliopinga na walichosema. Hasa waliopinga. Muhtasari usio na mtu aliyepinga mimi huwa siuamini, nimeandika mingi ya namna hiyo, najua unavyopikwa. Fedha ziingie akaunti ya kijiji, si simu ya binamu, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila miezi mitatu mkutano mkuu unapokaa. Mtaibiwa? Kuna siku mtaibiwa. Lakini mtajua nani kaiba, mkutano gani aliuongopea, na kijiji kizima kitakuwa kimeibiwa pamoja nanyi. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara, na huwa tunasahau hilo tunapomhukumu. Hata hivyo ana aibu, na aibu ya mkutano mkuu ni kali kuliko barua ya mwanasheria kutoka Toronto.

Ninyi viongozi, bendera zibaki nyumbani siku ya kushusha saruji. Jiwe la msingi chukueni, tumeshakubaliana. Na mpaka wa kata hii una vijiji visivyo na mtoto hata mmoja nje ya nchi. Mheshimiwa, vile ndivyo vinavyotakiwa kuwa vya kwanza kwenye orodha ya maboma, maana havina kundi la WhatsApp la kuvililia.

Nimeonyeshwa saa. Namalizia na kazi iliyopo mezani.

Nyumba ya wauguzi. Wale wawili wanapanga chumba kimoja sokoni, kilomita nne, na usiku hawapatikani. Mmechanga, najua kiasi, sitakitaja kwenye kipaza sauti. Jumamosi iliyopita mkutano mkuu wa kijiji ulikaa. Eneo lilipitishwa, bondeni safari hii, hatua mia mbili kutoka kwenye kalavati. Watu wanane walipinga, majina yao yameandikwa na hoja zao zimeandikwa, na mmoja wao ana hoja nzuri kuhusu maji ya mvua ambayo mhandisi inabidi aijibu. Kitabu kiko kwa Mtendaji pale nyuma, yule mwenye shati la bluu. Sahihi ya mwenyekiti ipo. Ya mtendaji ipo. Kilichobaki ni mwakilishi wenu aandike kwa mkono wake kuwa fedha hizi ni mali ya kijiji kuanzia leo, na hazina masharti mengine.

Wali umeiva, nausikia hata mimi. Nani anakuja kuandika?